Nishani yako haimo kwenye DD 214? Namna ya kuirudisha ukiwa Nairobi

Toa DD 214 yako, ile hati uliyopewa ulipoachishwa jeshi, itandaze mezani, utafute kisanduku cha 13. Hapo ndipo jeshi la Marekani huandika nishani, medali, beji na tepe zote ulizopata katika vipindi vyako vyote vya utumishi. Kando yake weka picha yako ya sare rasmi, ukague kifua utepe kwa utepe. Kisichoandikwa kwenye kisanduku hicho, hata kama ulikivaa miaka minne mbele ya kamanda wako mwenyewe, kwa karani wa Marekani ni kama hukukipata.

Mimi nilikuwa wa stoo katika jeshi la nchi kavu, nikatumwa Afghanistan, nikamaliza mkataba, nikarudi nyumbani. Siku hizi nauza spea Barabara ya Kirinyaga. Wakenya tuliopitia huko si wachache: kuna walioingia kwa green card, na kuna walioingia kwa ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016, uliochukua watu kwa sababu ya lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Wananifuata dukani na makaratasi kwenye mfuko wa nailoni, na karibu kila mmoja anataka kuanza kwa kuandika barua ndefu ya malalamiko. Iweke hiyo barua kando kwanza.

Nishani hukosekana kwa sababu za kawaida kabisa. DD 214 huchapwa wakati mtu ana haraka ya kuondoka, na karani huandika alichokiona kwenye faili siku hiyo. Nishani ya kuagwa ikitiwa sahihi ukiwa tayari kwenye likizo ya mwisho, haimo. Nishani ya kikosi kizima inaweza kuidhinishwa miaka kadhaa baada ya watu kutawanyika. Halafu kuna haya majina yetu. Kitambulisho cha hapa kina majina matatu, pasi ina mpangilio wake, na siku ya kuapishwa uraia dada akachukua jina la mume. Amri ya nishani imetoka kwa jina la zamani, faili imefunguliwa kwa jipya, na hakuna karani wa nishani kule Marekani anayejua kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Ukiwa na hali hiyo, nakala ya cheti cha uraia au cha ndoa iwe karatasi ya kwanza kwenye mzigo wako wa maombi.

Je, kuna faida? Inategemea. Purple Heart, nishani ya aliyejeruhiwa vitani, inakupandisha hadi kundi la tatu la kipaumbele katika matibabu ya VA, idara ya maveterani ya Marekani, na aliyejeruhiwa tangu 11 Septemba 2001 inampa GI Bill nzima, ule msaada wa masomo, hata kama hakutimiza miaka ya utumishi inayotakiwa. Beji ya mapigano husaidia sana mtu anapodai fidia ya msongo wa vita, kwa kuwa hatakiwi tena kuthibitisha kwamba tukio lilitokea. Tepe nyingine ni heshima tu. Heshima nayo ni yako, idai.

Jua kwanza ni nishani ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Aina ya kwanza ni zile unazostahili kwa sababu tu ulikuwa mahali fulani kwa siku fulani. Afghanistan Campaign Medal inataka siku 30 mfululizo au 60 za kuunganisha, kati ya 24 Oktoba 2001 na 31 Agosti 2021. National Defense ni kwa aliyekuwa kazini wakati wowote kati ya 11 Septemba 2001 na mwisho wa 2022. Kwa hizi hakuna anayekuuliza ulifanya nini. Unaulizwa ulikuwa wapi na lini.

Kijana mmoja wa Githurai alinijia akiwa hana hamu hata ya kujaribu.

"Sajenti, mimi sikuenda vitani. Nilikuwa Djibouti tu, nalinda geti."

"Geti la wapi?"

"Camp Lemonnier. Miezi tisa."

"Ndugu yangu, lete hiyo karatasi."

Djibouti imo kwenye orodha ya maeneo ya Global War on Terrorism Expeditionary Medal, iliyoanzishwa Machi 2003, na masharti ni yale yale ya siku 30 au 60. Kenya yetu pia imo, kwa hiyo waliokaa kambi ya Manda kule Lamu wasijidharau. Nikamwonyesha kisanduku cha 18 cha DD 214 yake, kile cha maelezo ya ziada. Kulikuwa na mstari umebanwa katikati ya mingine, herufi kubwa tupu, ukisema alitumikia eneo la hatari, ikifuata nchi na tarehe mbili zilizoandikwa mwaka, mwezi na siku bila nafasi. Ushahidi wake wote ulikuwa kwenye karatasi ile ile, visanduku vichache chini ya pale palipomnyima. Basi soma cha 18 kabla ya kutafuta kingine chochote, kisha 12f panapoandikwa muda uliotumikia nje ya nchi.

Kama cha 18 kiko kimya, tafuta amri ya kutumwa, au stakabadhi za mshahara za miezi hiyo. Malipo ya eneo la hatari yalikuwa dola 225 kwa mwezi, na huonekana waziwazi. Fedha haisahau mtu alikuwa wapi. Jambo moja la kuangalia: siku zile zile haziwezi kukupa medali mbili za kampeni. Ukidai ya Afghanistan na ile ya Expeditionary kwa safari moja, unawapa sababu ya kurudisha ombi zima.

Aina ya pili ni zilizotolewa kwa amri yenye namba: Good Conduct ya kila miaka mitatu, Army Commendation, Army Achievement na jamaa zake. Kuwapo hakutoshi hapa, lazima mtu awe alitia sahihi. Unachotafuta ni namba ya amri ya kudumu na tarehe yake. Kwa jeshi la nchi kavu, mara nyingi utaipata kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu ya mapendekezo, DA 638, chini ya sahihi ya aliyeidhinisha. Cheti kizuri chenye fremu ukutani kisaidie, lakini namba ndiyo inayofungua faili. Nishani za kikosi nazo ziko humu: inakubidi uonyeshe amri iliyotunuku kikosi na uonyeshe kwamba ulikuwa wa kikosi hicho katika tarehe zilizotajwa.

Aina ya tatu ni ile ambayo kamanda alisema "nitakuandikia" na hakuandika. Au aliandika, ikapotelea mezani mwa mtu. Hiyo si kosa la rekodi, maana hakuna kilichoachwa nje. Njia yake ni kifungu cha 1130 cha sheria za kijeshi za Marekani, na lazima ombi lipitie kwa mjumbe wa Congress, bunge la Marekani. Mtu wa Nairobi anamtumia mjumbe wa mahali alipoishi mwisho Marekani, pale anapopigia kura kutoka ng'ambo. Utahitaji DA 638 iliyojazwa na mtu aliyekuwa juu yako na anayejua kitendo chenyewe, pamoja na maelezo ya walioshuhudia. Ni safari ndefu. Usiichanganye na ombi la medali ya kawaida, la sivyo yote mawili yatakwama pamoja.

Omba faili yako mwenyewe

Kabla ya kubishana na rekodi, ipate. Ofisi ni National Personnel Records Center, 1 Archives Drive, St. Louis, Missouri 63138. Unaomba kwa mtandao wao wa eVetRecs, au ukishindwa kuthibitisha utambulisho wako mtandaoni, chapisha fomu ya SF 180 pale saiba, uijaze kwa kalamu, utie sahihi, uitume. Kwa askari mwenyewe hakuna ada. Omba faili nzima ya utumishi, si DD 214 pekee, kwa sababu unachotafuta ni zile amri na tathmini zilizomo ndani. Mara nyingine amri iliyokosekana kwenye kisanduku cha 13 imelala humo humo.

Wazee hupenda kuuliza kuhusu moto. Ni kweli, 12 Julai 1973 jengo la St. Louis liliungua, na takriban asilimia 80 ya faili za jeshi la nchi kavu za walioondoka kati ya 1912 na 1960 ziliteketea. Za kwetu hazikuguswa.

Mzigo wenyewe

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Taja jina ulilotumia jeshini, namba ya Social Security, tarehe za utumishi, kisha nishani unazodai, kila moja na mstari wake: jina la nishani, ushahidi uko karatasi ya ngapi. Malizia kwa kuomba waziwazi DD 215, ambayo ndiyo hati ya kurekebisha DD 214. Usisimulie maisha. Karani anayeifungua ana rundo, na anachotaka ni kuona dai na karatasi yake bila kutafuta. Tuma nakala, hati halisi zibaki kwako. Weka namba kwenye kila ukurasa kwa mkono, upande wa juu, kisha skani mzigo wote kabla haujaondoka.

Anwani yetu ya sanduku la posta huwachanganya. Andika S.L.P. kama P.O. Box, namba, Nairobi, msimbo wako wa posta, na KENYA peke yake kwenye mstari wa mwisho. Kama una ndugu Texas au Minnesota ambaye hahamihami, tumia anwani yake, akupigie picha majibu yakifika.

Mashahidi wana thamani pale karatasi zinapopungua. Lakini maelezo ya "namjua, alikuwa askari hodari" ni hewa. Shahidi aseme yeye alikuwa nani na cheo gani, kikosi gani, alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake, mwezi na mwaka. Aambatanishe DD 214 yake kuonyesha kwamba naye alikuwapo. Watu wetu hukimbilia wakili wa River Road kupigiwa muhuri wa kiapo. Hakuna haja. Sheria ya Marekani inakubali maelezo yaliyotiwa sahihi nje ya nchi mradi yaseme wazi kwamba mtoa maelezo anathibitisha ukweli wake chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwa sheria za Marekani, pamoja na tarehe. Muhuri wa ubalozi kule Gigiri ni dola 50 kila mmoja, ziweke mfukoni.

Nao wanaojiita mawakala, wanaotaka malipo ili "wakupitishie" Pentagon, wapite mbali. Mashirika ya maveterani kama American Legion na DAV husaidia bure, hata kwa baruapepe. Ukikuta mtu anakushauri uongeze medali usiyoistahili, kumbuka kuna sheria ya 2013 inayomfunga anayedanganya kuhusu nishani fulani ili apate faida.

Mzigo unatumwa wapi? Anza St. Louis. Kesi zikiwa ngumu, za nchi kavu huenda kitengo cha nishani Fort Knox, Kentucky. Za wanahewa Randolph, Texas. Za Marine Quantico, Virginia.

Wakikataa

Hapo, na hapo tu, ndipo DD 149 inapoingia. Hiyo ni fomu ya kuomba Bodi ya Kurekebisha Rekodi. Bodi itakurudisha ukionekana umeruka ofisi za chini, kwa hiyo ambatanisha barua ya kukataliwa. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake, wanahewa yao, wanamaji na Marine wanatumia moja. Sheria inatoa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, na fomu ina mahali pa kueleza sababu. Usipaache wazi. "Nilirudi Kenya, sikuwa na faili, niliipokea tarehe fulani" ni sababu inayosomeka. Maombi mengi yanatakiwa kuamuliwa ndani ya miezi 10, na hakuna linalopaswa kuzidi 18. Wakikataa tena, unaweza kuomba waangalie upya, ila uwe na ushahidi ambao hawakuuona. Na usichukue DD 293 kwa makosa. Hiyo ni ya kubadilisha aina ya kuachishwa.

Kwa mjane na watoto: mke ambaye hajaolewa tena, mzazi, mtoto, au ndugu wa tumbo moja anaweza kuomba kwa niaba ya marehemu. Mama mmoja wa Umoja alidhani cheti cha kifo cha Kenya hakitakubaliwa. Kinakubaliwa. Ambatanisha na kitu kinachoonyesha uhusiano wenu.

DD 215 ikifika, haichukui nafasi ya DD 214. Zinatembea pamoja daima, na ukitoa nakala ya moja toa ya nyingine. Kagua herufi za jina na majina ya nishani siku hiyo hiyo, uwaandikie mara moja ukiona kosa. Kisha tuma nakala VA, maana hawatajua wenyewe. Medali zenyewe za chuma ni ombi lingine, kwa St. Louis vilevile, na usiliandike kabla 215 haijawa mkononi.