Navyoandaa mahubiri ya dominika, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi usiku

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mimi ni katekista huku Rungwe, kigango chetu padre anafika mara moja kwa mwezi, dominika zingine nasimama mimi, sasa makatekista wapya wananiulizaga unaanzia wapi, mi naanzia hapa.

Kwanza jua uko mwaka gani, maana masomo ya dominika yanazunguka miaka mitatu, A, B na C, kila mmoja na Injili yake. Gawanya mwaka kwa 3, isipobaki kitu ni C, Luka. Ikibaki 1 ni A, Mathayo, ikibaki 2 ni B, Marko. Ila mwaka wa kanisa unaanza Majilio, zile wiki za kabla ya Noeli, sio Januari, hapo wengi wanapigwa chenga.

Jumatatu jioni soma masomo yote kwa sauti, Injili mara mbili. Vitabu vya maelezo na mahubiri ya kwenye simu usiguse kwanza. Andika swali moja tu linalokusumbua. Mfano dominika ya tatu ya Kwaresima mwaka C, Luka 13:1-9, mimi niliandika: mbona huyu mwenye shamba kaja miaka mitatu anakuta mti hauna kitu, na bado mtunza shamba anamwombea?

Jumanne chagua somo moja. Moja! Mwaka wangu wa kwanza niliunganisha Kutoka, Korintho na Luka, nikaenda karibu saa nzima, mvua ya Machi inapiga bati hakuna anayesikia, baadae mzee mmoja akaniambia "katekista, umetupeleka Horebu, umetupeleka Korintho, nyumbani hujaturudisha." Na dominika za kawaida somo la kwanza limechaguliwa liendane na Injili, la pili linafuata tu mfululizo wa barua yake, usilivute kwa nguvu likae pamoja.

Jumatano nenda na swali lako kwa watu. Mimi nilimfuata jirani mwenye parachichi za Hass, miche ya kubebesha, mwaka wa tatu huo, mti mmoja umegoma. Nikamuuliza unaukata? Akacheka, akasema kwanza nauchimbia pembeni naweka mbolea ya ng'ombe, nisipoona kitu mwakani ndo tutaongea. Nikabaki mdomo wazi, maana ndo maneno ya yule mtunza shamba! Mahubiri yalikuwa yameshaisha pale shambani, Biblia nyingine inasema samadi nyingine mbolea, watu wetu wanajua zote mbili zinanukaje.

Kwenye Injili hiyohiyo kuna ule mnara wa Siloamu ulioua watu 18, usiuruke pia. Gari ikipinduka Mlima Nyoka utasikia watu wanasema "walikuwa na mambo yao wale", na Yesu hapo anakataa kabisa, halafu anageuza kibao kwa aliyebaki hai.

Ijumaa andika, ukurasa mmoja wa daftari, sentensi ya kwanza iwe ya shambani au barabarani, usianze na "katika somo letu la leo tunaona".

Jumamosi usiku waambie wa nyumbani jikoni bila karatasi. Mama watoto akianza kuosha vyombo kwa kelele hapo pamelegea, fupisha. Dakika kumi zinatosha.

Jumapili ukirudi andika tarehe na mwaka juu ya karatasi, weka kwenye bahasha, baada ya miaka mitatu masomo yanarudi yaleyale. 2022 nilishika mnara, 2025 nikashika mbolea, na 2028 naanza tena na swali jipya Jumatatu, ile ya zamani nafungua Ijumaa tu, nisije nikamrudia jirani na parachichi zake akanuna.