Kulisha mtambo wa biogesi ili moto usikatike

Huku Marangu, mtu akishajengewa kuba lake la matofali, ule muundo wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza: mtambo unakula kila siku.

Ng'ombe mmoja wa bandani hutoa kilo 10 za samadi kwa siku, au zaidi. Kila kilo ni takriban lita 40 za gesi, na jiko hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Kwa ng'ombe wawili, hesabu saa mbili za moto.

Asubuhi zoa samadi ikiwa mbichi. Kwenye beseni la kuchanganyia tia ndoo moja ya samadi, ndoo moja ya maji. Mkojo wa ng'ombe unaweza kupunguza maji hayo. Vunja mabonge kwa mkono mpaka upate uji laini. Mti wa kukorogea hausaidii sana, maana vidole ndivyo vinavyokutana na kipande cha bua au kokoto. Mabua huelea na kufanya utando mgumu juu, mchanga huzama na kula nafasi ya chumba. Kwa hiyo acha mchanganyiko utulie kidogo, ndipo uchomoe kizibo cha beseni uji uingie mtamboni, na masalia ya chini uyatupe.

Wanaotengeneza gesi ni vijidudu hai. Maji ya sabuni, maji yenye dawa ya kupe, samadi ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki: visiingie kabisa. Hapo sina mjadala na mtu. Juni na Julai baridi huwapunguza kasi. Anika maji juani kwenye pipa jeusi kabla ya kuchanganyia.

Gesi ya kwanza kabisa ina hewa ndani yake na inaweza kulipuka. Iachie itoke nje, usiiwashe.

Moto ukidundadunda, kuna maji kwenye bomba. Fungua koki ya chini yatoke. Ukisikia harufu ya yai viza, funga koki kuu, fungua madirisha, usiguse hata swichi ya taa. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio: panapochemka mapovu ndipo panapovuja.

Tope linalotoka lipeleke kwenye migomba na kahawa. Lichimbie mfereji mfupi mbali kidogo na shina, ulifukie siku hiyohiyo, kwa sababu likikaa juani nitrojeni yake hupotea hewani.