Somo: Taa za kuongozea za kuchomeka na kuchomoa kwenye kayaki ya uvuvi, kwa vifaa vya duka la bomba

Swali la taa za kufunga kwenye kayaki usiku linarudi kila mwezi unapokuwa mdogo na watu wanataka kutoka alfajiri, kwa hiyo naliandika mara moja, kamili. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kabla ya kununua hata waya, jua unataka taa ipi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinamruhusu mpiga kafi kuwasha taa za chombo cha tanga: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe tezi (nyuma ya chombo). Asipoziwasha, lazima awe na tochi au kandili nyeupe karibu na mkono, aionyeshe mapema kabla hajagongwa. Wengi wanafunga nyekundu, kijani, kisha nyeupe inayoonekana pande zote. Hiyo inamwambia nahodha wa pili kwamba una injini, naye atakutarajia uende na upishe kama mwenye injini. Ukifunga mota ya umeme, hapo nyeupe ya pande zote ni sahihi. Ndiyo maana taa ya somo hili ina kofia ya kuvaa na kuvua: ukiwa na mota unaivua, ukipiga kafi unaivalisha.

Vifaa
- Bomba la PVC la inchi 1, mita 1.2 (mlingoti), la nusu inchi, sentimita 40, la inchi moja na nusu, sentimita 30
- Redyusa ya inchi 1 kwenda nusu inchi, vifuniko vya mwisho, gundi ya PVC
- LED za utepe za volti 12, aina ya 5050, zisizo na ganda la mpira: vipande 4 vyeupe, 1 chekundu, 1 cha kijani. Kipande ni taa tatu, sentimita 5
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, kipenyo cha ndani inchi 1
- Betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), ile ya kukauka inayowekwa kwenye UPS, kifaa cha akiba ya umeme wa kompyuta
- Fyuzi ya ampea 1 na kishikio chake, swichi, plagi mbili, gundi ya epoksi ya tyubu mbili
- Tyubu kuukuu ya baiskeli

Hatua ya 1. Kata utepe kwenye alama ya mkasi tu. Ukikata kwingine, kipande hakiwaki.

Hatua ya 2. Taa nyeupe: bandika vipande vinne vyeupe kwa wima kuzunguka bomba la nusu inchi, robo kwa robo. Unganisha chanya na chanya, hasi na hasi. Toboa tundu, waya upite ndani ya bomba.

Hatua ya 3. Taa ya omo (mbele ya chombo): kipande kingine cha nusu inchi, chekundu kushoto na cha kijani kulia, kila kimoja kikielekea mbele kidogo. Andika OMO kwa kalamu ya wino usiofutika kabla ya kubandika chochote. Ukiishika taa ikikutazama usoni, kushoto kwako ni kulia kwa chombo, na hapo ndipo rangi zinapogeuzwa.

Hatua ya 4, pembe. Hii usiikadirie kwa macho. Taa ya ubavuni inaonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 112.5, ya tezi inaonekana nyuzi 135. Huhitaji kipima pembe. Zungushia karatasi kwenye bomba la inchi moja na nusu, ikate ncha zikutane bila kupandana, halafu ikunje katikati mara nne. Ukiikunjua una sehemu 16 sawa. Nyekundu ni sehemu 5, kijani sehemu 5, nyuma zinabaki 6. Bomba hilo ndilo ganda la taa ya omo na kofia ya taa nyeupe, kila moja kipande chake. Kwa taa ya omo, kata dirisha la sehemu 10 za mbele, acha 6 za nyuma zikiwa zimezibwa. Kwa kofia ya taa nyeupe ni kinyume chake: dirisha la sehemu 6 nyuma, 10 za mbele zimezibwa. Taa hizo mbili zinakamilisha duara, ili anayekuzunguka asipate mahali pa giza.

Mbele ya taa ya omo, katikati kabisa, simamisha kibao cheusi cha plastiki kitokeze sentimita 8. Bila kibao hicho kijani kinamwagika upande wa kushoto, na mtu aliye ubavuni anaona rangi mbili kana kwamba unamjia uso kwa uso. Kibao na ndani ya kofia upake rangi nyeusi isiyong'aa.

Hatua ya 5, kuzuia maji. Soma mara mbili. Maji ya chumvi hayahitaji tundu kubwa. Yanapenya kwenye ncha ya utepe, umeme ukipita shaba inaota ukungu wa kijani, na baada ya majuma machache kipande kinakufa huku kwa nje kikionekana kizima. Fanya hivi: chovya mpira wa maji kwenye maji moto ulainike, ufute ndani ukauke, uvute juu ya LED upite sentimita 2 kila upande. Simamisha bomba, jaza epoksi ncha ya chini, subiri igande, geuza, jaza ya juu. Waya unapotoka ndani ya bomba, jaza epoksi pia. Usitumie silikoni inayonuka siki. Asidi yake inakula shaba, utakuwa umejifungia kutu mwenyewe ndani. Na usizibe siku ya mvua: unyevu uliofungiwa humo hautoki tena.

Hatua ya 6. Mlingoti unaingia kwenye kishikio cha fimbo ya kuvulia nyuma ya kiti. Vingi vimelala, kwa hiyo jaza bomba mchanga mkavu, lipashe juu ya makaa bila kuligusisha moto, likunje mpaka lisimame wima. Zungushia tyubu ya baiskeli kwenye shina likaze. Taa nyeupe iwe juu ya kichwa chako na angalau mita 1 juu ya zile za rangi. Funga kamba ya usalama.

Hatua ya 7. Taa ya omo ifungwe kwenye mpini wa mbele kwa vipande vya tyubu. Vile vikombe vya kunyonya havishiki plastiki yenye mikwaruzo.

Hatua ya 8. Betri ndani ya kopo la kufunga, fyuzi karibu kabisa na chanya. Plagi upake vaseline.

Hatua ya 9. Jaribu ufukweni usiku. Mwenzako akuzunguke kwa umbali wa hatua 50. Rangi ikipotea, nyeupe ya tezi ianze hapo hapo.

MASWALI

Swali: Mkuu, nyekundu ni kulia au kushoto?

Jibu: Iko kwenye aya ya pili. Rudi usome, maana ukikosea hiyo, mengine yote ni bure.

Swali: Power bank haitoshi? Naona betri ni nzito.

Jibu: Utepe huu ni wa volti 12, power bank inatoa 5. Upo wa volti 5, lakini power bank nyingi zikiona mzigo mdogo zinajizima zenyewe, nawe umeipa taa mgongo huoni. Betri uiweke nyuma ya kiti. Uzito wa chini unatuliza kayaki.

Swali: Kaka, nimetengeneza, asante. Kuna jambo limenishangaza: betri ikipungua, nyeupe na kijani zinafifia lakini nyekundu bado inawaka vizuri. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Kila kipande kina LED tatu kwa mfuatano. LED nyekundu inataka kama volti 2, tatu ni 6. Nyeupe na ya kijani zinataka kama 3.2 kila moja, tatu zinafika 9.6. Betri ikishuka, nyeupe na kijani ndizo zinazokosa nguvu kwanza, nyekundu bado ina akiba. Kwa hiyo usipime betri kwa kutazama nyekundu. Hesabu ya muda: kila kipande kinakula takriban miliampea 60, sita ni 360. Ah 7 zinatoa saa 19 kwenye karatasi, lakini betri ya aina hii usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Panga saa 9.

Swali: Nataka ziwe za kuwakawaka zionekane zaidi.

Jibu: Hapana. Kanuni zinakataza taa kali za kuwakawaka, na nahodha hawezi kupima umbali wako wala uelekeo.

Swali: Mwanangu, sisi wa ngalawa je? Tanga linaziba taa.

Jibu: Shikamoo mzee. Kwa ngalawa isiyofika mita 7 kanuni inasema taa hizi ziwashwe kama inawezekana. Isipowezekana, tochi nyeupe mkononi inatosha. Ukiona chombo kinakuja, mulika tanga lako lenyewe. Nguo nyeupe iliyomulikwa inaonekana vizuri, na inamwonyesha kwamba wewe ni tanga. Usingoje akaribie: boti ya abiria ya noti 30 (maili 30 za bahari kwa saa) inamaliza maili moja ya bahari kwa dakika mbili.

Swali: Nyongeza kidogo: nimebandika utepe wa kuakisi mwanga, ule wa malori, kwenye mabapa ya kafi. Unafaa?

Jibu: Unafaa sana, kafi likipanda na kushuka linavuta jicho. Upande wako wa kafi uache wazi, la sivyo taa ya kichwani itakurudishia mwanga machoni. Hiyo ya kichwani nayo izime unapopiga kafi, maana inameza rangi za omo, kama taa za dagaa zinavyomeza taa za mtumbwi mzima.