Kabla ya Kuruka kwa Mwavuli Kutoka Mita 9,000

Ukiwaambia ndugu zako unakwenda kuruka kwa mwavuli, watauliza kama utafunguka. Kwa mruko wa juu sana, mimi ningeuliza kwanza kuhusu pumzi. Miruko ya watalii, kama ya Diani au Dubai, huanzia karibu mita 4,000, na mtu mwenye afya huko hupumua bila kifaa. Mita 9,000 ni zaidi ya kilomita tatu juu ya kilele cha Kilimanjaro. Ukikosa oksijeni hapo, unabakiwa na dakika moja au mbili za akili timamu, na ubaya ni kwamba huenda usihisi unakabwa. Wengine huchangamka tu, huku vidole vikishindwa kazi ndogo kabisa.

Basi anza na oksijeni. Kabla ya kupaa utavaa barakoa na kuvuta oksijeni tupu kwa nusu saa hadi saa nzima, ili naitrojeni iliyomo mwilini itoke. Isipotoka, kanieneo ya hewa (yaani msukumo wake) ikishuka, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu katika damu na viungo, ugonjwa uleule unaowapata wapiga mbizi. Muda huo haupunguzwi. Ukivua barakoa ili upige picha, kazi yote inaharibika, na mkufunzi makini atakuanzisha upya hata kama rubani anasubiri. Kama jana ulipiga mbizi baharini kwa mtungi wa hewa, ahirisha mpaka saa 24 zipite. Mwenye mafua naye asubiri, maana masikio yaliyoziba huuma vibaya wakati wa kushuka.

Kwa daktari usifiche kitu: moyo, pumu, presha, upungufu wa damu. Nasisitiza selimundu (sikoseli), kwa kuwa kwetu ni wengi waliorithi kwa mzazi mmoja tu na hawajawahi kuumwa. Uhaba wa oksijeni unaweza kuwaletea madhara ambayo nyumbani hawakuyaona kamwe. Pima kwanza.

Baridi ya huko hupita nyuzi 40 chini ya sifuri. Glavu ziwe nzito, lakini zijaribu ukiwa ardhini: je, ukizivaa unaweza kushika na kuvuta kishikio cha mwavuli? Na kifaa kikileta hitilafu, sema papo hapo. Tarehe 16 Agosti 1960, Mmarekani Joseph Kittinger alipaa kwa puto juu ya New Mexico, glavu yake ya kulia ikashindwa kuhifadhi kanieneo. Alikaa kimya muda mrefu akihofia wenzake wangemrudisha chini, akaruka kutoka mita 31,300 mkono ukiwa umevimba. Mkono ulipona. Namheshimu sana, ila katika hilo asiigwe.

Zoezi la mkao wa mwili lirudiwe mpaka lizoeleke: kifua mbele, mgongo umepinda, mikono na miguu imetanuka sawasawa. Hewa ikiwa nyembamba, mwili hukosa cha kuegemea na unaweza kuzunguka kama pia. Felix Baumgartner, aliyeruka kutoka karibu mita 39,000 mwaka 2012 na kuipita kasi ya sauti, alizunguka hivyo kabla ya kujituliza. Alan Eustace, aliyeanzia juu zaidi mwaka 2014, mita 41,419, alitumia kimwavuli kidogo cha kumtuliza.

Kuhusu kuanguka kwenyewe, wengi hutarajia tumbo liruke kama gari linapodondokea shimo. Kwa kawaida haiwi hivyo, kwa sababu ndege ilikuwa tayari inakupeleka kasi. Baada ya sekunde chache hewa inakushikilia kwa nguvu toka chini, na unahisi umelala juu ya upepo. Ardhi iko mbali mno kuonekana ikikaribia. Kittinger alisema hakuhisi mwendo wowote mwanzoni. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito, mngurumo unaongezeka, na kasi yako inapungua. Kutoka mita 9,000 hali hiyo huendelea zaidi ya dakika mbili, kwa hiyo zoea kutazama altimita, kipimo cha urefu, mkononi badala ya kukisia kwa macho.

Panga pia saa 24 za baadaye: usipande ndege, usifanye kazi nzito, na uwe na mtu karibu. Ukipata maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu, nenda hospitali mara moja na umwambie daktari kwamba umeruka kutoka mita 9,000, maana bila hilo anaweza kudhani ni uchovu tu.