Kuomba chuo cha uhandisi wa elektroniki ukiwa Dodoma

Mpwa wangu alishuka kutoka Mpwapwa na matokeo yake ya kidato cha sita, hata hajakaa akaniambia, "Mjomba, nataka elektroniki, ila UDOM haipo." Alikuwa ametafuta neno hilo moja tu kwenye kozi za UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Fani hii ina majina mengi. UDOM, kwenye ndaki ya CIVE, ile ya kompyuta na mawasiliano, utakuta uhandisi wa mawasiliano ya simu na uhandisi wa kompyuta. Inayoitwa elektroniki waziwazi iko UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Kijitonyama. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wameiunganisha na umeme.

Kwa hiyo usianze na fomu. Anza na kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huohuo, kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Viko viwili, cha waliotoka kidato cha sita na cha wenye stashahada, usichanganye. Kiwango cha chini kwa kidato cha sita ni principo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa alama A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, na kwa fani hizi wanachoangalia ni Fizikia na Hisabati ya Advansi. Mwenye stashahada anahitaji GPA ya 3.0, ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na namba ya AVN, ya kuhakiki stashahada yake, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Hiyo AVN iombe mapema. (Mpwa wangu hutengeneza redio za majirani kwa solda. Nilimwonya kwamba mwaka wa kwanza ni hesabu tupu, solda itasubiri.)

Kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, weka mezani vyeti vyote na usome jina lako herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana na cha shule kinasema John, shughulika nalo sasa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa mtandao na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, maana Bodi ya Mikopo itakidai. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa.

Maombi yenyewe unayatuma kwenye mfumo wa kila chuo, siyo TCU. Unafungua akaunti kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na S au P, kisha namba ya kituo, ya mtahiniwa na mwaka. Unapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapanga kozi kuanzia unayoitaka zaidi.

Hapa ndipo tulipoumia. Kijana alijaziwa kwenye duka moja la steshenari mjini, na mwenye duka, kwa haraka zake, akaweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe aliyoitunga pale pale. Majibu yalipotoka, ujumbe ukaenda kwa mwenye duka. Tulimfuata siku mbili. Jazisha dukani kama huna kompyuta, lakini kaa pembeni yake, taja namba yako kwa sauti, usome skrini kabla hajabonyeza kutuma, na nywila uiandike kwenye daftari lako.

Fomu ya mkopo ni ya mfumo mwingine kabisa. Unaijaza, unaichapa, unaipeleka serikali ya mtaa au kijiji ikagongwe muhuri, kwa wakili nako inasainiwa, halafu unaipakia tena. Wa vijijini Kondoa au Bahi ahesabu na nauli ya kumkosa mtendaji mara ya kwanza.

Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, kabla ya tarehe iliyotangazwa. Ukikosa awamu ya kwanza, ingia awamu inayofuata, na uombe tu kozi zilizobaki na nafasi.

Namba ya siri ya mpwa wangu tuliipata kwa mwenye duka, kaiandika nyuma ya risiti. Kijana alithibitisha UDOM, kozi ile ya mawasiliano. Analala kwa mama yake mdogo Dodoma Makulu, na redio za watu kaja nazo.