Minyoo ya mbuzi na kondoo: angalia jicho kabla hujashika dawa

Wafugaji wengi wana tarehe yao, ikifika tu zizi zima linanyweshwa dawa ya minyoo, mgonjwa na mzima, halafu baada ya muda wanalalamika dawa haifanyi kazi tena. Jamani, hapo tunajiharibia wenyewe! Ukinywesha wote kila mara wanaobaki hai ni wale minyoo sugu tu, na hao ndo wanazaliana.

Adui mkubwa ni mnyoo anayeitwa Haemonchus contortus, anakaa tumbo la nne la mnyama anafyonza damu, jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku, na kukiwa na joto na unyevunyevu ndani ya wiki hivi malisho yana minyoo wachanga wanaosubiri kuliwa. Wengi wanangoja mpaka mnyama aharishe, kumbe huyu mnyoo mara nyingi haleti kuharisha, mnyama anaishiwa damu tu, anachoka, anabaki nyuma ya kundi, anavimba chini ya taya, asubuhi unamkuta kafa.

Kwa hiyo vuta ukope wa chini, utazame rangi ya ndani kwenye mwanga wa jua. Ikiwa nyekundu muache. Ikiwa imepauka au nyeupe mpe dawa leo leo. Ipo kadi ya kulinganishia rangi ya jicho inaitwa FAMACHA, ilibuniwa Afrika Kusini, ina rangi 5, ya 1 ni nyekundu na ya 5 ni nyeupe, ya 4 na ya 5 lazima dawa, na ya 3 kama kakonda, ana mimba au bado mdogo mimi nasema mpe tu. Msimu wa mvua rudia kila wiki mbili.

Uzito usikisie, pima, maana dozi pungufu ndo inaleta usugu. Halafu mbuzi dawa inamtoka mwilini haraka kuliko kondoo, dozi ya kondoo mara nyingi haimtoshi, muulize daktari wa mifugo usijiongezee mwenyewe. Dawa ya minyoo ya albendazoli usimpe mwenye mimba changa.

Malisho nayo yasiliwe mpaka chini kabisa, minyoo wachanga wengi wako sentimita 5 za mwanzo kutoka ardhini, mbuzi waachie vichaka. Na yule ambaye kila ukimkagua jicho jeupe wakati wenzake wako fiti, usimzalishe, watoto wake watarithi udhaifu huohuo.