GPA ya jumla inavyotafutwa: someni hapa kabla ya kunipigia

Kila matokeo yakitoka simu yangu inajaa picha za matokeo ya watu, na swali ni lile lile: "Kaka, hapa nina ngapi?" GPA ni wastani wa pointi za kozi zako zote, na hesabu yenyewe hii. Ni ya digrii ya kwanza, kwa mizani ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).

1. Kusanya matokeo ya mihula yote.

2. Geuza gredi ziwe pointi: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E 0.

3. Zidisha pointi kwa krediti za kozi, yaani uzito wake. B+ kwenye kozi ya krediti 12 ni 48.

4. Jumlisha pointi zote za mihula yote, gawa kwa krediti zote. USICHUKUE GPA za mihula ukazijumlisha na kugawa kwa mbili. Wengi wanazama hapa. Tazama: muhula wa kwanza krediti 64, pointi 210, GPA 3.28. Wa pili krediti 46, pointi 174, GPA 3.78. Ukigawa kwa mbili unapata 3.53, unaanza kumwambia mama una apa sekondi (daraja la pili la juu). Hesabu ya kweli ni 384 kwa 110, yaani 3.49. Muhula wenye krediti nyingi una uzito zaidi, hauwezi kulingana na mwepesi.

5. Baki na desimali moja, zilizobaki zikate. Hakuna kukadiria kwenda juu! 3.49 ni 3.4, na 3.4 ni loa sekondi (daraja la pili la chini). Apa inaanzia 3.5, fesiti klasi 4.4, loa 2.7, pasi 2.0. Na usikate kila muhula. Kata mara moja, mwisho.

MASUALI

Kijana wa Tunguu: Mkuu nina A mbili, B+ tatu na C moja. GPA ngapi?

Krediti ziko wapi? Hatua ya 3.

Kijana wa Tunguu: Si unikadirie tu

Sikadirii. Hatua ya 5.

Mpemba wa Wete: Assalaam alaykum kaka. Mimi niko kama huyo wa mfano, 384 kwa 110, na nimebakiwa na krediti 60. Apa bado naipata?

Waalaykumu salaam. Unaipata, ndugu yangu. Krediti zako zote zitakuwa 170. Zidisha kwa 3.5, ni 595. Toa 384 ulizonazo, zinabaki 211 za kutafuta kwenye krediti 60. Krediti 31 zikiwa B+ na 29 zikiwa B, umefika pale pale. Lenga B+ kwenye kozi zenye krediti nyingi, hizo ndizo zinazosukuma.

Mpemba wa Wete: Ahsante sana. Na kozi niliyofanyia sapu?

Ukifaulu sapu (mtihani wa marudio) unaandikiwa C, hata ungepata 80. Kwa hiyo ihesabu kwa pointi 2.

Bint Makunduchi: Mie nimetumia Excel kwa mfano wako, imenipa 3.5. Umekosea wewe.

Sijakosea, dada. Umeiambia ioneshe desimali moja, nayo ikakadiria. Andika =TRUNC(384/110,1).

Bint Makunduchi: Imetoka 3.4. Bora ile ya mwanzo 😂